Mtoto asiyeona ubaoni apimwe macho kabla ya kuitwa mzembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walimu wenzangu na wajumbe wa bodi za shule juu ya jambo ninalokutana nalo kila mwaka darasani, na ambalo kwa maoni yangu tunalichukulia kwa wepesi uliopita kiasi: watoto wasioona vizuri vitu vilivyo mbali. Kilichonisukuma kuandika ni kauli ya mzazi mmoja katika kikao cha wazazi, aliyesema kwamba hatakubali binti yake avae miwani kwa sababu miwani hulegeza macho, na ukishaizoea huwezi tena kuishi bila hiyo. Wazazi wengi waliokuwapo waliitikia kwa kuunga mkono. Najua kauli hiyo inatoka katika upendo na hofu, wala si katika ukaidi, lakini haina ukweli, na kila mwaka inawanyima watoto wetu masomo ambayo wazazi haohao wamehangaika kuyalipia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Si daktari wa macho, na pale panapohitaji daktari nitasema hivyo waziwazi. Hata hivyo somo la mwanga na lenzi ndilo kazi yangu, na tatizo hili, kwa asili yake, ni la mwanga na lenzi. Katika jicho lililo sawa, miale inayotoka mbali hupindwa na konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, kisha na lenzi iliyo ndani, ikakutana juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaopokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa mtu asiyeona mbali, mara nyingi tufe la jicho limerefuka mno kutoka mbele kwenda nyuma, au konea imebinuka kupita kiasi, kwa hiyo miale hukutana kabla haijafika kwenye retina, na kinachofika pale ni taswira iliyokwisha kutawanyika. Ni sawa na projekta iliyosogezwa mbali mno na ukuta: picha ipo, rangi zipo, ila mistari yote imefifia. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24, na milimita moja tu ya ziada inatosha kuleta upungufu wa karibu dayopta 2.5.

Dayopta ndicho kipimo ambacho wazazi hukiona kwenye karatasi ya hospitali, kikiwa na alama ya kutoa mbele yake, na wengi huniuliza kama "mbili" ni nyingi au ni kidogo. Jibu lake ni la hesabu rahisi: gawanya moja kwa namba hiyo, utapata umbali, kwa mita, ambao mtoto anaona vizuri bila miwani. Mwenye dayopta 1 huona vizuri hadi mita 1. Mwenye 2 huona hadi nusu mita. Mwenye 4 huona hadi sentimita 25, yaani umbali wa daftari lililo mkononi mwake, na zaidi ya hapo kila kitu huanza kufifia. Sasa mweke mtoto wa dayopta 2 katika dawati la nyuma, mita saba au nane kutoka ubaoni, katika chumba chenye madirisha madogo na ubao uliochakaa kiasi kwamba chaki haishiki vizuri, halafu umwambie anakili milinganyo ya kemia. Hata akiwa na bidii ya namna gani, hawezi kunakili asichokiona.

Shida kubwa ni kwamba mtoto huyo hasemi, kwa sababu hajui kuwa kuna namna nyingine ya kuona. Hajawahi kuuona mti ukiwa na majani mojamoja, kwa hiyo anadhani mti kwa kila mtu ni rangi ya kijani iliyochanganyika. Nyumbani nako hakuna anayeshtuka, maana mtoto huyu anaona karibu vizuri kabisa: anatunga uzi kwenye sindano, anachambua mchele, anasoma ujumbe kwenye simu ya mama yake, na mzazi anaapa kwamba macho ya mwanawe hayana kasoro. Ni darasani ambako tatizo hujitokeza, na hapo ndipo sisi walimu tunapaswa kuwa na jicho la kuona. Mtoto hufinya macho anapotazama ubao. Hunakili kutoka kwenye daftari la jirani badala ya ubaoni, nasi tunadhani anaibia. Huandika 8 badala ya 3, au huacha alama ya kutoa katika mlinganyo, kisha anapata jibu lisilo sahihi kwa njia iliyo sahihi. Wengine huinuka kila mara kusogea mbele, wengine hukata tamaa na kuanza kuzungumza, na wale wapole hunyamaza tu wakitazama dirishani. Katika taarifa ya mwisho wa muhula tunawaandikia maneno yaleyale: hana umakini, aongeze bidii.

Huko kufinya macho, kwa njia, si tabia mbaya ya kukemewa. Mtoto anapobana kope huacha upenyo mwembamba tu wa mwanga kuingia, na upenyo mwembamba hupunguza kutawanyika kwa miale. Mwalimu anaweza kuutumia ukweli huohuo kwa faida: toboa tundu dogo kwa pini katika kipande cha kadibodi, mwambie mtoto atazame ubao kupitia tundu hilo kwa jicho moja. Akiona herufi vizuri zaidi kuliko alivyoziona bila kadibodi, kuna uwezekano mkubwa kwamba shida yake itarekebishwa kwa miwani. Asipoona nafuu yoyote, ndiyo sababu zaidi ya kumwahisha hospitali, kwa kuwa huenda kuna ugonjwa mwingine ndani ya jicho.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi za mbali. Basi tuanzie hapahapa nyumbani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jiji hili la Mwanza, ambapo wanafunzi 2,511 walipimwa macho. Asilimia 6.1 walikutwa na upungufu mkubwa wa upeo wa macho kuona, na karibu wote hao tatizo lao lilikuwa kutoona mbali. Asilimia sita inaweza kusikika ndogo, lakini katika mkondo wa wanafunzi hamsini ni watoto watatu, kila darasa, kila mwaka. Kinachouma zaidi ni takwimu ya pili ya utafiti huo: kati ya waliokuwa na tatizo, ni asilimia 30 tu waliokuwa wakivaa miwani kabla ya watafiti kufika. Waliobaki walikuwa wamefika sekondari, wamefaulu mtihani wa darasa la saba, bila kuuona ubao sawasawa. Nikiufikiria uwezo waliokuwa nao watoto hao, najiuliza pia ni wangapi wa aina yao ambao hawakufika sekondari kabisa.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2008, ulifanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam, na kwangu mimi huo ndio unaopaswa kusomwa na kila bodi ya shule. Wanafunzi waliogundulika kuwa na tatizo waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilipewa miwani bure, na lingine lilipewa karatasi ya vipimo tu ili wazazi wakanunue. Baada ya miezi mitatu watafiti walirudi. Katika kundi la karatasi, asilimia 26 tu ndio waliokuwa na miwani shuleni. Katika kundi la waliopewa bure, walikuwa asilimia 47. Kutoa miwani bure kulisaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini tazama pia kwamba hata walipopewa mkononi bila malipo, zaidi ya nusu hawakuwa wakiitumia. Walipohojiwa, sababu zilizojitokeza mbali na gharama zilikuwa kejeli za wenzao na hofu ya wazazi kwamba miwani ingewadhuru watoto. Kwa maneno mengine, kauli niliyoisikia kwenye kikao chetu imekuwa ikiwavua watoto miwani kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nataka nijibu hofu hiyo kwa utaratibu. Miwani ya kawaida ya mtu asiyeona mbali ni lenzi mbonyeo, yaani nyembamba katikati, ambayo hutawanya miale kidogo kabla haijaingia jichoni, na kwa kufanya hivyo husogeza nyuma mahali inapokutana, hadi kwenye retina. Haivuti msuli wowote na hairefushi jicho. Mzazi huona kwamba mtoto alianza na dayopta 1, mwaka uliofuata akapewa 1.75, kisha 2.5, akahitimisha kwamba miwani ndiyo iliyoharibu. Ukweli ni kwamba jicho la mtoto lenye tatizo hili huendelea kurefuka kadiri anavyokua, kwa kawaida hadi mwisho wa ujana au mwanzo wa miaka ya ishirini, avae miwani asivae, na miwani hubadilishwa ili kuufuata ukuaji huo, kama sare ya shule inavyobadilishwa mtoto anaporefuka. Kuhusu wanaoomba mtoto apewe miwani "dhaifu kidogo" ili macho yasizoee, jambo hilo lilijaribiwa Malaysia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002: watoto waliopewa miwani pungufu kwa makusudi, macho yao yalizidi kupungua uwezo wa kuona mbali kuliko ya wenzao waliopewa kipimo kamili. Na kuhusu lile la "kutoweza kuiacha", mtoto haiachi kwa sababu kwa mara ya kwanza anaona.

Nitaje pia kosa linalotokana na nia njema. Miwani inayouzwa barabarani na kwenye maduka ya vifaa vya kawaida, ile ambayo mtu anaijaribu mwenyewe hadi apate inayomfaa, karibu yote ni miwani ya kusomea kwa watu wazima waliovuka miaka arobaini. Lenzi zake ni mbinuko, yaani nene katikati, kinyume kabisa na anazozihitaji mtoto asiyeona ubaoni, na ukimvisha utamsogezea ukungu karibu zaidi. Kipimo cha mtoto hakibahatishwi. Hospitalini mara nyingi watamwekea kwanza dawa ya matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza na linaweza kumdanganya mpimaji akaandika namba kubwa kuliko inavyostahili. Mzazi asishangae mwanawe akilalamika kwa muda kwamba mwanga unamuumiza na maandishi ya karibu hayasomeki. Hali hiyo hupita. Idara za macho zipo Bugando hapa kwetu, KCMC kule Moshi, Muhimbili na CCBRT kwa walio Dar es Salaam, na wataalamu wa kupima macho sasa wapo pia katika hospitali nyingi za mikoa. Karoti na mchicha ni chakula chema na mtoto alishwe, maana vitamini A hulinda macho dhidi ya maradhi mengine, lakini hakuna mboga inayofupisha jicho lililokwisha kurefuka.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuhusu miaka ijayo. Huko Singapore, Taiwan na Korea Kusini, takriban vijana wanane au zaidi katika kila kumi wanaomaliza shule hawaoni mbali bila miwani. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2016 yalisema kwamba ifikapo mwaka 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa na tatizo hili. Urithi una nafasi yake, kwani mtoto wa wazazi wawili wasioona mbali yumo katika hatari zaidi, lakini urithi haubadiliki kwa kasi hiyo katika vizazi viwili. Kilichobadilika ni maisha ya mtoto. Mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka sita na saba wenye asili ya Kichina wanaoishi Singapore na wenzao wa asili hiyohiyo wanaoishi Sydney, Australia. Wa Singapore, asilimia 29 walikuwa na tatizo. Wa Sydney, asilimia 3 tu. Wazazi wao walikuwa na hali ya macho inayokaribiana, na watoto wa Sydney walikuwa wakisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa muda wa kuwa nje: takriban saa 14 kwa wiki Sydney, dhidi ya saa 3 Singapore.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, nayo huzuia jicho lisirefuke ovyo. Darasani, hata taa zikiwaka, mwanga ni hafifu mno ukilinganisha na ulio nje. Hata chini ya kivuli cha mwembe mtoto hupata mwanga mara nyingi zaidi. Wachina walilijaribu jambo hili mjini Guangzhou: katika shule sita za msingi waliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, na shule nyingine sita zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo walikuwa asilimia 30.4 katika shule za kwanza na asilimia 39.5 katika zile nyingine. Taiwan nayo tangu mwaka 2010 inazihimiza shule zake ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kwa siku.

Mhariri, sisi jua hatununui. Lakini tazama tunavyowalea watoto wa mijini. Gari la shule linampitia mtoto alfajiri kukiwa bado giza na kumrudisha magharibi. Mapumziko yanafupishwa ili kukamilisha mada, kipindi cha michezo kinageuzwa kuwa cha hisabati mtihani wa taifa unapokaribia, Jumamosi kuna tuisheni, na muda mdogo unaobaki mtoto anaumalizia kwenye simu aliyoishika sentimita ishirini kutoka usoni. Sipingi kusoma, ningekuwa mwalimu wa ajabu. Ninachosema ni kwamba shule inayofuta michezo ili kuongeza ufaulu inaweza kuwa inapunguza uwezo wa macho yatakayoufanya mtihani huo. Saa mbili za nje kwa siku, zikijumuisha kutembea kwenda shule, kucheza, kuchota maji na kukaa chini ya mti, si jambo gumu katika nchi yetu tukiamua kuziheshimu.

Kwa mtoto ambaye tayari ana tatizo, zipo siku hizi njia za kupunguza kasi yake, ingawa si kuliondoa: matone ya atropini yenye nguvu ndogo sana, kati ya asilimia 0.01 na 0.05, ambayo yalifanyiwa utafiti mkubwa Singapore na Hong Kong, pamoja na lenzi maalumu zilizobuniwa kwa ajili hiyo. Hayo ni mambo ya kuzungumza na daktari, na naomba sana mtu asiende duka la dawa kununua atropini kwa kubahatisha, kwa sababu ile ya kawaida ya asilimia 1 ina nguvu mara mia moja ya hiyo ya 0.01. Upasuaji wa leza nao ni kwa watu wazima ambao macho yao yameacha kubadilika, na hata baada yake jicho hubaki refu vilevile. Nalitaja hilo kwa sababu urefu wenyewe una hatari: mwenye dayopta 6 au zaidi retina yake imevutwa na kuwa nyembamba, hivyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, kupata glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, au kuharibika sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusomea. Mtu wa namna hiyo akiona mimweko ya ghafla, vidoti vyeusi vingi vinavyoelea, au kivuli kinachofunika upande mmoja wa jicho, aende hospitali siku hiyohiyo.

Ombi langu kwa bodi na wakuu wa shule si kubwa. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliazimia kwamba ifikapo 2030 idadi ya wanaopata miwani inayowafaa iongezeke kwa pointi 40 za asilimia, na azimio hilo halitatimizwa na madaktari peke yao. Majirani zetu wa Kenya wametuonyesha njia. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Dk. Hillary Rono na wenzake waliwafundisha walimu wa kawaida kupima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2018. Mzazi alitumiwa ujumbe mfupi wa kumkumbusha, na kulikuwa na picha inayoonyesha jinsi mtoto mwenye tatizo anavyoliona darasa. Katika shule zilizofanya hivyo, asilimia 54 ya watoto walioambiwa waende hospitali walikwenda. Katika shule zilizotumia utaratibu wa kawaida, asilimia 22 tu. Naamini picha ile ilifanya kazi kubwa, kwa sababu mzazi hawezi kupuuza kitu alichokiona kwa macho ya mwanawe.

Hata bila simu, chati ya herufi E inabandikwa ukutani na mtoto anasimama mita 6, anafunika jicho moja kwa kiganja, anaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Anayeshindwa mstari wa 6/12, yaani ule ambao jicho lililo sawa huusoma kutoka mita 12, kwa jicho lolote aandikiwe barua ya rufaa. Darasa zima linamalizika katika vipindi vichache. Naomba kazi hiyo ifanyike kila Januari, wiki za mwanzo, kabla masomo hayajapamba moto, na ifanyike pia darasa la kwanza na la nne, si sekondari peke yake. Bodi zitenge fungu la miwani kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Walimu wa zamu wachukulie kejeli dhidi ya mwenye miwani kama wanavyochukulia uonevu mwingine wowote. Na kwa kuwa kumkalisha mtoto dawati la mbele ni msaada wa muda tu, majina ya waliopewa rufaa yaandikwe katika daftari, na baada ya wiki sita mwalimu wa darasa amuulize kila mmoja wao: umekwenda hospitali, umepata miwani, na je, iko wapi leo?

Mwalimu wa fizikia,
Mwanza